Chaki ya Buluu kwenye Ulimi wa Trekta

Trekta la Mwalimu lilikuwa na umri wa kuheshimiwa, na kama walivyo wazee wengi wenye heshima zao, halikuwahi kulalamika mpaka lilipoletewa mwenzake.

Kabla ya hapo lilikuwa limevuta kila kilichovutika mtaani: magogo, matangi ya maji, mizigo ya mchanga, na safari moja gari zima la zimamoto. Rangi yake ilikuwa imebaki kwa kumbukumbu tu, kiti kilikuwa kimeshonwa upya kwa turubai, na taa yake moja ilitazama juu kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Lakini injini iliitika ufunguo wa kwanza asubuhi yoyote ile, na Mwalimu alipenda kuwaambia wageni kwamba, katika nyumba yake, trekta ndilo pekee lililoamka lilipoitwa.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amefundisha ufundi wa mitambo katika chuo cha ufundi mpaka alipostaafu. Ubao aliuacha, ualimu ulikataa kuachwa. Suruali yake ya kazi ilipigwa pasi, kalamu ya risasi ilikaa juu ya sikio, na mfukoni hakukosa chaki. Waliopita mikononi mwake walimkumbuka kwa kauli moja: "Chuma hakina sikio la kusikia samahani."

Aliyeirithi kauli hiyo, pamoja na mikono ya kuitekeleza, alikuwa mjukuu wake wa kike. Mwalimu ndiye aliyempa jina la Spana, kwa kuwa utotoni aliletewa mwanasesere akamweka kando, akalala amekumbatia spana ya babu yake. Sasa Spana alikuwa mwanamke mzima mwenye cheti cha mitambo kilichotundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione. Aliyekitundika ni Mwalimu, na aliyeamua kiti cha mgeni kikae wapi ni Mwalimu vilevile.

Baba yake Spana, mwana wa pekee wa Mwalimu, alikuwa karani, mtu wa shati jeupe na maneno machache. Trekta alikabidhiwa yeye baba yake alipostaafu, naye hakuliona ila kama kitu kikubwa kilichoziba nafasi ya kuanikia nguo. Mfyatuaji mmoja wa matofali alikuwa akilitamani, na Karani alikuwa tayari kumpa. Spana akaingilia kati. Ng'ambo ya daraja palikuwa na uwanja mdogo wa ndege, wa nyasi tupu, nao ulikuwa ukitafuta mtu wa kuufyeka mwaka mzima. Alikwenda kuzungumza na msimamizi wake, akaahidiwa jaribio Jumamosi asubuhi, kisha akaichukua akiba yake yote akanunua mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma ya trekta.

"Ukipata kazi hiyo, trekta ni lako," Karani alimwambia. "Ukikosa, Jumamosi hiyohiyo mchana linakwenda kwenye matofali. Tusije tukaanza tena habari za ngoja kidogo."

"Na mashine yangu, baba?"

"Utaikatia maua ya bibi yako."

"Maua yangu yana kosa gani?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

Basi Jumatatu mashine ikafungwa uani. Ilining'inia nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Katikati ya mikono hiyo ilipita shafti, fimbo nene iliyovishwa gamba jeusi la plastiki, ambayo kazi yake ni kuchukua mzunguko kutoka kiunoni mwa trekta na kuufikisha kwenye visu. Mashine ikiinuliwa, shafti hulala sawasawa. Ikiteremshwa mpaka kimo cha kukata, shafti huinama kuifuata, kama mtu anayempa mtoto sikio.

Spana aliwasha, akateremsha. Mashine ilishuka taratibu, visu vikaanza kuvuma, na mara ikasikika sauti ya kukwaruza, kali na ya mfululizo, mfano wa sufuria linaloparuzwa ukoko. Akazima papo hapo.

"Ufunguo," alisema Mwalimu, akanyoosha mkono. Ufunguo ulichomolewa ukaingia mfukoni mwake pamoja na chaki, maana katika uwanja wake hakuna aliyeruhusiwa kuweka mkono nyuma ya trekta lenye ufunguo. "Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Kinachogusana ni nini na nini?"

Spana alichutama, akatazama chini ya shafti. Akamtazama babu yake. Kisha akatazama juu ya paa la nyumba, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Bado sijajua," akasema.

Mwalimu aliliona jibu hilo kuwa la unyenyekevu, akalipenda.

Chini ya shafti, ukitokeza nyuma ya trekta kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu, ulikuwapo ubao wa chuma wa kukokotea mizigo. Ncha yake ilikuwa na kulabu iliyokunjwa juu, nene kama kifundo cha mkono. Nyumbani pale uliitwa Ulimi, na habari zake zilijulikana mpaka na paka.

Miaka mingi nyuma gari la zimamoto, likikimbilia moto kwenye karakana ya magodoro, lilizama katika tope la barabara iliyo chini ya nyumba. Mwalimu akaenda na trekta. Kwa kawaida chuma kama kile hushikwa na pini, kikaingizwa na kutolewa kwa kadiri ya haja. Lakini pini ilikatika kwa mvuto wa kwanza. Mwalimu hakuchelewa. Alileta mashine yake ya kuchomelea, akaugandisha Ulimi kwenye trekta kwa moto, akauongezea kulabu aliyoikunja palepale, na gari likatoka huku askari wake wakipiga makofi. Kwamba walipofika kwenye karakana walimkuta mwenye magodoro amekwisha uzima moto kwa maji ya kisima, akiwasubiri na chai, hilo halikupunguza chochote katika sifa ya Ulimi. Kila mgeni aliyekalia kile kiti cha sebuleni alikisoma cheti kwanza, kisha akapelekwa uani kuona mchomeleo.

"Kosa huingia na mgeni," Mwalimu alitoa kanuni yake, akiizunguka mashine mpya. "Trekta lilikuwa zima. Mgeni ni huyu."

"Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bibi, aliyekuwa akichambua mboga kizingitini.

"Wazee hao hawakuwa mafundi."

Kwa siku tatu hivi wakaitibu mashine. Kwanza Spana alifunga mnyororo ili isishuke mpaka chini. Mkwaruzo ukatoweka, lakini nyasi zilizokatwa nyuma ya nyumba zikabaki ndefu kiasi cha kuficha kuku, na msimamizi wa uwanja alikuwa amesema wazi kwamba ndege hazitui kwenye shamba la mpunga. Mnyororo ukafunguliwa. Kisha akaufupisha ule mkono wa juu, ili mashine iinamishe uso na kuinua kisogo. Shafti ikapata nafuu kidogo, lakini visu vya mbele vikachimba ardhi, na kipande cha uwanja wa Bibi kikanyolewa mpaka udongo, kama kazi ya kinyozi aliyegombana na mteja.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwita Spana, akikitazama kipara kile, "mume wetu huyu amekufundisha kukata au kuzika?"

"Nisamehe, Bibi. Nitapanda upya."

"Mpandie yeye. Mimi nitakuwa nimekwisha hamia huko kwenye matofali."

Mwalimu hakucheka, ingawa masharubu yalitikisika. Jioni hiyo, mezani, mwanawe alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Mfyatuaji ameuliza kama tairi za nyuma ni nzima."

"Mwambie ni nzima," Mwalimu alijibu, "na mwambie azitazame kwa macho tu." Lakini chakula hakikupita vizuri. Alifikiri habari ya mjukuu wake kurudi kufungua na kufunga boneti za watu, akilipwa kwa ahadi, ilhali mikono yake ilistahili mashine yake mwenyewe. Tena palikuwa na jambo jingine lililomkera ambalo hakulisema: mkwaruzo ulikuwa ukisikika mita moja kutoka masikioni mwake, naye hakuona unakotoka. Zamani aliweza kulijua kosa kwa harufu.

Asubuhi ya Ijumaa akaamua kutumia chaki.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake mwenyewe, aliyowafundisha vijana kizazi baada ya kizazi. Unaponda chaki ya buluu, unaikanda na grisi kidogo mpaka iwe kama dawa ya meno, unapaka kile kinachozunguka. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni, unaiteremsha mashine kwa uzito wake, unazungusha shafti kwa mkono taratibu. Kinachoguswa kitavaa buluu. "Mtu hudanganya, kipimo hukosea," aliwaambia, "lakini chaki haina ndugu wala rafiki."

Alilipaka gamba la shafti mwenyewe, duru zima, bila kuruka mahali. Spana akateremsha mashine. Mwalimu akazungusha, akahisi, mahali fulani, shafti ikisita kidogo na kupita.

"Imegusa," alisema. "Miwani yangu iko wapi?"

"Iko ndani, mezani," Bibi alisema haraka kuliko kawaida yake. "Au chumbani. Nenda ukaitafute."

Haikuwa mezani wala chumbani. Ilikuwa juu ya redio, imefunikwa kwa kitambaa cha redio, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliporudi uani Spana alikuwa amesimama wima akikunja leso yake, na Bibi alikuwa akiichambua mboga ambayo tayari ilikwisha chambuliwa.

Mwalimu alipiga magoti juu ya gunia, akatazama. Mikono ya chini, misafi. Mkono wa juu, msafi. Minyororo ya pembeni, misafi. Ulimi ulikuwa msafi mno, uking'aa puani mwa kulabu kuliko alivyoukumbuka; akaupita kama mtu apitavyo picha ya harusi yake ukutani. Buluu haikuwa popote.

Akarudia. Alipaka upya, akazungusha, akahisi shafti ikisita. Wakati huo Bibi akamwita kwamba kuna mtu langoni. Hapakuwa na mtu langoni. Aliporudi, buluu haikuwa popote.

Akajikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Basi," alisema polepole, "huenda vidole vyangu navyo vimestaafu. Mimi nimehisi mguso, na chaki inasema hapana mguso. Chaki haijawahi kunisaliti. Aliyeharibika ni mimi."

Spana alimtazama bibi yake.

"Mwite baba yako," Mwalimu aliendelea. "Mwambie amlete mtu mwingine alitazame, fundi mwenye macho yake. Nisikupotezee Jumamosi yako kwa ukaidi wa kizee."

Akainuka, akaenda zake kunawa. Maji ya kunawia yalikuwa kwenye pipa, nyuma ya kamba ya nguo. Na pale kwenye kamba, kati ya mashuka mawili, ilining'inia leso ya Spana, imefuliwa upesi na kuanikwa ikidondosha maji. Chaki peke yake hutoka kwa maji. Chaki iliyokandwa kwa grisi haitoki. Katikati ya leso palikuwa na alama ya buluu, pana chini na iliyopinda juu, ikaishia kwa ncha butu. Mwalimu aliisogelea. Alikuwa amesahihisha michoro ya wanafunzi maisha yake yote, na huu ulikuwa mchoro safi wa kulabu ya Ulimi, umechorwa na mtu aliyefuta kwa uangalifu mpaka kwenye kona.

Kwanza alifurahi, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa sahihi. Furaha hiyo haikudumu. Akaichukua leso kwa pembe zake mbili, akarudi nayo uani ameinyoosha mbele yake kama bendera.

Karani naye alikuwa amekwisha fika, kavaa viatu vya ofisi. Wote watatu walipoiona leso, kila mmoja alipata mahali pengine pa kutazama.

"Nani mwenye kazi hii?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi, Babu," alisema Spana.

"Miwani niliificha mimi," alisema Bibi. "Na mtu wa langoni ni wangu pia."

"Na wewe?" alimgeukia mwanawe.

Karani alikohoa. "Mimi niliona tangu Jumatatu, baba. Nilitoka nje kuanua shati, nikaona. Nikasema nisiwe mimi wa kuutaja Ulimi."

"Kwa hiyo nyumba nzima inajua. Paka?"

"Paka nafikiri ndiye aliyetangulia," Bibi alisema.

Mwalimu aliitandika leso juu ya tairi la trekta, akaipapasa ikanyooka. Alipozungumza hakupandisha sauti, na waliomjua walijua kwamba hivyo ndivyo ilivyo mbaya zaidi.

"Nimewakosea nini mpaka mkanifanya yai? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mmekaa mnaufuta ukweli kwa leso ili mzee asiumie, na mzee ameketi juu ya ndoo akijizika mwenyewe. Ulimi ni chuma. Niliuchomelea kwa sababu siku ile palikuwa na tope na gari lililokwama. Leo hakuna tope. Leo kuna nyasi." Akamgeukia Spana. "Na wewe una cheti. Kile cheti nilikitundika ili watu wajue kuna mtu humu ndani anayeweza kuniambia, Babu, hapo. Basi niambie."

Spana alikuwa na machozi na cheko mahali pamoja. Akainama, akaweka kidole juu ya pua ya kulabu.

"Babu," alisema, "hapo."

"Sababu?"

"Kulabu imeinuka mno. Shafti ikiinama, inaikalia. Na kwa kuwa Ulimi umechomelewa, hausukumiki ndani wala hauchomoki. Tukikata mchomeleo tu, Ulimi unatoka mzima na kulabu yake. Halafu tunautobolea tundu, tunaurudishia pini kama ulivyozaliwa. Siku ya kukata nyasi unavuliwa, siku ya kuvuta mzigo unavalishwa."

"Ulikuwa na jibu hilo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Alama zote," alisema Mwalimu, "toa nusu kwa kuchelewa kukusanya. Lete grainda."

Yaliyofuata yalikusanya majirani uani. Spana alivaa miwani ya kazi, akaanza kukata. Cheche ziliruka mpaka ukutani. Alikata, akapumzika, akakata tena. Jiwe la grainda likaisha, akafunga jingine. Mchomeleo ulikuwa umepungua kidogo tu, mfano wa mkate uliong'atwa na mtoto asiye na njaa.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Alijitahidi kuonekana kama mtu anayesikitika.

"Mgumu?" aliuliza.

"Mgumu, Babu."

"Mgumu sana?"

"Babu, uliweka nini humu?"

"Niliweka uangalifu," alisema Mwalimu, na kifua kikapanuka wazi mbele ya majirani. "Tena nilikuwa nimesimama topeni hadi magotini. Endelea, usiharakishe. Ukishuka kwenye tabaka la pili ndipo utakapoona kazi."

"Anatamani usikatike kabisa," Bibi aliwanong'oneza majirani kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Jiwe la tatu ndilo lililomaliza. Ulimi ukalia, ukalegea, ukaangukia juu ya gunia kwa kishindo kilichomfukuza paka. Mwalimu aliuinamia, akapitisha kidole gumba kwenye uso uliokatwa. Hapakuwa na tundu la hewa hata moja ndani ya mchomeleo. Akawaonyesha majirani, mmoja baada ya mwingine, na aliyejaribu kuondoka kabla ya zamu yake akaitwa arudi.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kawaida, na Mwalimu hakukubali iharakishwe kwa kuwa tu ugonjwa umejulikana. Walitoboa tundu la pini. Waliurudisha mkono wa juu kwenye urefu wake wa haki. Wakaiinua mashine mpaka juu kuona kama mabomba mawili ya shafti, ambayo moja huteleza ndani ya jingine, hayagongani mwisho. Wakaiteremsha mpaka chini kuona kama hayakaribii kuachana. Wakaikaza minyororo ya pembeni ili mashine isiyumbe na kuivuta shafti upande. Mwishowe Mwalimu akapaka buluu kwa mara nyingine, akazungusha kwa mkono, akapiga magoti mwenyewe akiwa na miwani yake. Hakuna aliyemwita langoni.

"Safi," alisema. Kisha akawatazama mmoja mmoja. "Kuna mwenye leso?"

Waligeuza mifuko nje, hata Karani.

Jumamosi asubuhi uwanja wa ndege ulikuwa na umande, na mbuzi wa mtu walikuwa wametawanyika kwenye njia ya kutulia ndege. Msimamizi wa uwanja aliwafukuza kwa filimbi. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia pana, na kofia hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Aliivua, akaenda nayo hadi katikati ya uwanja, akailaza juu ya ardhi, akarudi kwenye lango la uwanja.

"Unaiona kofia yangu?" alimwuliza Spana.

"Siioni."

"Basi nyasi hazijakatwa. Ikionekana kutoka hapa, zimekatwa. Sina kipimo kingine, na rubani hana malalamiko."

"Nitaizunguka, mzee. Wewe tu usije ukasahau ulikoiweka."

"Binti, kofia hiyo ninayo tangu hujazaliwa."

"Ndiyo sababu nakukumbusha."

Msimamizi alimtazama Mwalimu kama anayetaka kujua nani amemlea hivyo. Mwalimu akatazama mbuzi.

Spana akapanda, akawasha. Mashine iliteremka. Karani, aliyekuja na simu mkononi kwa ajili ya mfyatuaji wa matofali, aliacha kuitazama simu. Mwalimu alijikuta amefumba macho ili asikie vizuri zaidi. Ilishuka, ikashuka, ikafika kimo cha kukata, visu vikaanza kuvuma. Akasubiri ule mkwaruzo. Haukuja. Kilichokuja ni mvumo mmoja mpana, usio na doa, ukaenda ukififia kuelekea mwisho wa uwanja, na nyuma yake harufu ya nyasi mbichi.

Akafumbua macho. Mstari wa kwanza ulikuwa umenyooka hivi kwamba ungeweza kuutumia kama rula.

Trekta lilikwenda na kurudi. Jua lilipokausha umande, ukingo wa kofia ulianza kuonekana, kisha utepe wake, kisha kofia yote, imekaa katikati ya uwanja kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Msimamizi alisogeza shingo, akafinya macho, akasema, "Ninaiona."

"Hata mimi," alisema Karani, ingawa hakuulizwa.

"Jumatatu aanze rasmi," Msimamizi alisema. "Huyo ni nani wenu?"

Mwalimu alikuwa amelingoja swali hilo. "Ni mjukuu wangu," alisema. "Mitambo alisomea, ana cheti. Ukifika nyumbani utakiona, kuna kiti." Na kwa kuwa mazungumzo yalikwisha anza vizuri, akaona si vibaya kuendelea. "Trekta hilo unaloliona liliwahi kutoa gari la zimamoto kwenye tope. Siku ile pini ilikatika, nikaleta moto, nikachomelea. Njoo, nikuonyeshe hapa nyuma."

Spana alikuwa amewafikia na kuzima injini. Ufunguo alishuka nao mkononi bila kuambiwa. Mwalimu alimwongoza mgeni wake hadi nyuma ya trekta, akanyoosha kidole chini ya shafti, na kidole kikabaki hewani. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na nafasi tu, na kupitia nafasi hiyo zilionekana nyasi zilizokatwa.

Bibi, aliyekuwa amekaa kivulini na chupa ya chai, aliinamisha uso.

"Natazama nini?" aliuliza Msimamizi.

Mwalimu alifikiri kidogo. "Unautazama mwanya," alisema. "Hapo palikuwa na chuma. Kilitoka kwa mawe matatu ya grainda, na aliyekikata ni huyu. Sikiliza nikueleze ulivyokuwa ule mchomeleo."

Akaeleza. Habari ya zimamoto, ambayo familia iliijua kwa moyo, ilifika pale kwenye magodoro na chai ya mwenye karakana, na badala ya kuisha kama siku zote ikaendelea, ikaingia kwenye chaki, ikaingia kwenye leso.

"Tumeufupisha ulimi mmoja," Bibi alimwambia Spana, akimmiminia chai, "tumeurefusha mwingine."

Kando yao Karani alikuwa akizungumza na simu. "Hapana, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Tairi ni nzima, ndiyo. Ila trekta lina mwenyewe. Mwenyewe hauzi. Tafuta punda, ndugu."

Walirudi nyumbani taratibu. Mwalimu hakukubali kupanda juu ya madigadi, bati linalofunika tairi la trekta, kwa kuwa alikuwa amewakataza wengine maisha yake yote; alifuata kwa baiskeli, umbali wa haki, mgongo wima. Mbele yake mashine ilikuwa imeinuliwa kwa ajili ya safari, na Ulimi ulikuwa umefungwa kwa kamba juu ya madigadi, kwa kuwa Spana alisema huwezi kujua, msimu wa tope haujafutwa. Barabara ilipopinda, jua liliingia nyuma ya trekta, likapita kati ya shafti na chuma, likatoka upande wa pili bila kugusa kitu. Mwalimu aliutazama mwanga huo mpaka alipokaribia kuingia mtaroni, akashika breki, akatazama kulia na kushoto kama kuna aliyemwona.

Spana alikuwa amemwona. Akapunguza mwendo, akageuza kichwa.

"Babu," alisema, "hapo mbele yako. Mtaro."

"Nimeuona," alijibu Mwalimu kwa ukali. Kisha, akiwa amekwisha kuukwepa ukingo, akaongeza, "Lakini vizuri umesema."